Jina kwenye Pindo la Gauni

Picha ninayotaka kuizungumzia iko mbali sana na sisi. Iko San Marino, karibu na Los Angeles, Marekani, ndani ya jumba linaloitwa Huntington. Ni picha ya rangi ya mafuta, imechorwa na Mwingereza Joshua Reynolds, na ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza London mwaka 1784. Kimo chake ni karibu mita 2.4, upana karibu mita 1.5. Yaani ni ndefu kuliko mlango wa nyumba zetu nyingi hapa kambini. Sisi tunaiona kwenye simu tu, lakini hata kwenye kioo kidogo chenye ufa unaona kwamba yule mama aliyekaa pale hakukaa hivihivi.

Amekaa juu ya kiti cha enzi, na kiti chenyewe kama kinaelea kwenye mawingu. Gauni lake ni zito, la rangi ya kahawia na dhahabu. Lulu zimeshuka kifuani. Mkono mmoja ameuinua, mwingine ameuacha ulegee kwenye kiti. Hatutazami sisi, anatazama juu pembeni, kama mtu anayesikiliza habari nzito. Nyuma yake gizani kuna watu wawili: mmoja ameshika kisu, mwingine kikombe cha sumu, na mmoja wao amefungua mdomo kwa hofu.

Huyo mama anaitwa Sarah Siddons. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na wakati ule alikuwa na miaka kama 28. Jina la picha, kwa Kiswahili chetu, ni Bi. Siddons kama Mungu wa Kike wa Tanzia. Wagiriki wa zamani walisema kila sanaa ina mungu wake wa kike, na wa tanzia aliitwa Melpomene. Sisi neno tanzia tunalijua zaidi kwenye redio, pale wanapotangaza msiba. Lakini waliokaa darasa la fasihi wanakumbuka: tanzia ni mchezo wa kuigiza unaoishia kwenye huzuni, na ramsa ni ule wa kuchekesha. Wale wawili wa nyuma ni Huruma na Hofu, juu mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba hivyo viwili ndivyo tanzia inaviamsha moyoni mwa mtazamaji.

Sasa mtu ataniuliza: wewe kijana, unafanya kazi na vijana wakimbizi, picha ya Mzungu wa miaka 240 iliyopita inakuhusu nini? Swali ni la haki. Nitajibu, lakini kwanza tuijue historia ya huyu mama, kwa sababu jibu liko humohumo.

Sarah alizaliwa tarehe 5 Julai 1755 katika mji wa Brecon, Wales. Alizaliwa kwenye nyumba ya wageni ya kuuza pombe, siyo kwa sababu familia ilikuwa na nyumba pale, bali kwa sababu walikuwa wanapita. Baba yake, Roger Kemble, aliongoza kikundi cha waigizaji wanaohamahama. Walitembea mji kwa mji na maleba yao, wakitafuta ghala au ukumbi wa kuigizia. Sarah alikuwa wa kwanza kati ya watoto 12, na alipanda jukwaani akiwa mtoto.

Na hapa ndipo sikio langu lilisimama. Mwaka 1737 Uingereza ilipitisha sheria ya kudhibiti michezo ya kuigiza. Pale London kumbi mbili tu, Drury Lane na Covent Garden, ndizo zilikuwa na hati ya mfalme ya kuonyesha michezo ya kweli. Aliyeigiza kwa malipo bila hati wala kibali aliweza kuhesabiwa na sheria kuwa mzururaji na mhuni. Kazi yako ni sanaa, lakini karatasi inasema wewe ni mzururaji! Vikundi vya mikoani viliishi kwa huruma ya mahakimu wa kila mji, na vingine vilitumia ujanja: tangazo linasema watu walipie muziki, halafu mchezo unaonyeshwa bure katikati. Wazazi wetu wanaosubiri kibali cha kutoka nje ya kambi ili tu wakauze mboga wanaelewa ujanja kama huo bila kufundishwa na mtu.

Mwaka 1773, akiwa na miaka 18, Sarah aliolewa na William Siddons, mwigizaji wa kikundi cha baba yake. William hakuwa na kipaji kikubwa. Ilieleweka mapema nani ataleta unga nyumbani.

Habari za msichana huyu zilifika London kwa David Garrick, mwigizaji mkubwa kuliko wote na mkuu wa Drury Lane. Akamwita. Tarehe 29 Desemba 1775 Sarah alisimama kwenye jukwaa la Drury Lane kwa mara ya kwanza, akiigiza Portia katika ule mchezo wa Shakespeare ambao sisi tunaujua kama Mabepari wa Venisi, jina alilolipa Mwalimu Nyerere alipoutafsiri. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili wiki chache tu nyuma. Mwili haujapona, sauti haifiki nyuma, miguu inatetemeka. Watu hawakumpenda. Msimu ulipoisha, Garrick akastaafu, na Sarah alikuwa Birmingham akiigiza alipopata barua: mwaka ujao hatukuhitaji.

Hebu tukae hapo kidogo. Kila mmoja wetu ana barua yake. Wengine ni ya ufadhili wa masomo, wengine ni ile ya kupelekwa nchi ya tatu. Barua fupi, haina sababu, na aliyeiandika hajui usiku uliufunga vipi baada ya kuisoma. Sarah mwenyewe baadaye aliandika kwamba pigo lile lilimwangusha kiafya kwa muda mrefu.

Akarudi barabarani. York, Manchester, na kuanzia 1778 mji wa Bath. Kikundi cha Bath kilihudumia pia ukumbi wa Bristol, kwa hiyo waigizaji walikuwa wanasafiri kwa gari la farasi kwenda na kurudi kati ya miji miwili, leo huku, kesho kule. Mchana mazoezi, jioni jukwaani, na usiku watoto wakishalala ndipo anakaa kukariri mchezo mpya. Kwa miaka minne alifanya hivyo. Vijana wanaopenda kuniambia kwamba kipaji kinatosha, nawaomba waisome sentensi hiyo mara mbili.

London ilipomwita tena mwaka 1782, watu wa Bath hawakutaka aondoke. Siku ya kuwaaga aliwaahidi kuwaonyesha sababu tatu za kuondoka kwake. Kisha akatoka na watoto wake watatu, akawasimamisha mbele ya watu. Hakuzungumza habari za umaarufu. Alisema kwa vitendo: ninaenda kutafuta maisha ya hawa.

Tarehe 10 Oktoba 1782 alirudi kwenye jukwaa lilelile la Drury Lane, sasa chini ya Richard Sheridan. Mchezo ulikuwa Isabella, habari ya mjane mwenye mtoto, hana kitu, analazimika kuolewa tena, halafu mume aliyedhaniwa amekufa anarudi. Mtoto wa mchezoni alikuwa mwanawe mwenyewe, Henry, wa miaka 8. Inasimuliwa kwamba kwenye mazoezi mtoto yule alilia kwa nguvu, alifikiri mama yake anakufa kweli. Usiku wenyewe ukumbi mzima ulilia. Kutoka siku hiyo London ikawa yake. Mfalme George wa Tatu na malkia wake walikuja kumwona. Watu waliacha chakula cha jioni ili wawahi viti.

Ni katika moto huo ndipo Reynolds alimchora. Reynolds hakuwa mchoraji wa mtaani. Tangu 1768 alikuwa rais wa kwanza wa Akademia ya Kifalme ya Sanaa, na alikuwa na miaka kama 60. Aliamini kwamba picha kubwa kuliko zote ni zile za historia, za mitume na mashujaa. Kwa hiyo alimkalisha mwigizaji, binti wa wazururaji, kwa mtindo ambao Michelangelo aliwakalisha manabii kwenye dari la kanisa la Sistine kule Roma. Hilo peke yake lilikuwa tamko. Mpaka mwaka 1660 wanawake hawakuruhusiwa hata kupanda majukwaa ya kawaida ya Uingereza, wavulana ndio walivaa magauni. Na hata baada ya kuruhusiwa, mwigizaji wa kike alitazamwa na wengi kama malaya. Reynolds akamweka mtu wa aina hiyo kwenye kiti cha enzi.

Lakini nani aliamua akae vile? Siddons alisimulia hivi: Reynolds alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye kiti, akamwomba ampe wazo la huyo mungu wa tanzia. Yeye akapanda, akakaa moja kwa moja kwa namna tunayoiona leo, na mchoraji hakubadilisha. Baadaye Reynolds alipotaka kuongeza rangi usoni, Siddons akamkataza: mtu aliyezama kwenye huzuni hawezi kuwa na uso mwekundu wa afya. Mchoraji mkubwa wa nchi alisikiliza. Wengine walisimulia tofauti kidogo kuhusu lile pozi, na wanahistoria hawajaacha kubishana. Lakini hakuna anayebisha kwamba ile kazi ya kukaa, kuinua mkono na kutazama ilikuwa ni kazi ya Siddons, kazi aliyojifunza tangu utotoni kwenye maghala ya mikoani.

Kisha kuna lile jambo ambalo limenifanya niandike. Ukikuza picha chini, kwenye pindo la gauni, unakuta maandishi kama urembo wa nguo. Ni jina la Reynolds na mwaka 1784. Siddons alisema kwamba alipoliona aliuliza, na Reynolds akamjibu kwa heshima kwamba amejipa nafasi ya kupita kwenda kwa vizazi vijavyo akiwa kwenye pindo la vazi lake. Huenda yalikuwa maneno ya kumfurahisha tu. Hata hivyo, tazama mpangilio: jina la mama ndilo jina la picha, na mchoraji anajishikiza miguuni pake.

Ndugu msomaji, sasa najibu lile swali. Sisi ni watu tunaopigwa picha sana. Pengine hakuna kijiji huko tulikotoka kilichopigwa picha kama kambi. Mgeni anakuja na gari, anapiga mtoto mwenye makamasi, anapiga mama mwenye ndoo, anaondoka. Picha inatokea kwenye kalenda na ripoti, chini wameandika: mkimbizi akichota maji. Jina la mpiga picha lipo pembeni, jina la mama halipo. Hakuna aliyemuuliza angependa kukaa vipi. Labda angevaa kitenge chake cha harusi. Labda angeshika kitabu. Labda angesema kama Siddons: hapana, usiniongezee rangi hiyo, mimi siko hivyo.

Na kuna jambo la pili, la ndani yetu wenyewe. Kwenye kikundi chetu cha maigizo (sisi tuliotoka Kongo wengi tunasema teatri) wasichana wanaanza wengi na wanabaki wachache. Baba mmoja aliniambia waziwazi: mwanangu hawezi kusimama mbele ya wanaume akilia uongo, watasema ni malaya. Sikumjibu kwa kelele, ni mzee wangu. Lakini historia hii inaonyesha kwamba neno hilo ni la zamani, limerushwa kwa wanawake wa nchi nyingi, na halikuanza na mila zetu. Siddons alilishinda kwa kazi, na kwa kuonekana mbele za watu kama mama mwenye heshima yake.

Ila nisije nikawauzia hadithi tamu. Picha inaficha mengi. Mawingu yale hayaonyeshi kwamba sheria ya wakati ule ilimpa mume mshahara wa mke, kwa hiyo jasho la Sarah lilikuwa mali ya William. Hayaonyeshi kwamba Sheridan alikuwa mlipaji mbaya na ilibidi Siddons apiganie pesa zake. Hayaonyeshi kwamba alizaa watoto saba na akazika watano kabla ya kufa kwake. Na katika mwaka uleule wa 1784, miezi michache baada ya picha kuonyeshwa, watu walewale waliolia walimzomea. Kulikuwa na uvumi kutoka Ireland kwamba ni bahili, amekataa kuwasaidia waigizaji wenzake wagonjwa. Oktoba alipoingia jukwaani Drury Lane kelele zilikuwa kubwa mpaka akashindwa kuanza. Alitoka, akazimia. Kisha akarudi peke yake, akasimama mbele yao, akasema yale ni uongo na kwamba heshima yake kwao ndiyo iliyomrudisha. Wakamsikiliza, na mchezo ukaendelea.

Mwezi Februari 1785 aliigiza Lady Macbeth pale London, na hiyo ndiyo nafasi iliyobaki na jina lake. Alipoanza kuisoma akiwa na miaka kama 20, usiku peke yake, aliogopa mpaka akakimbilia juu chumbani, na mlio wa gauni lake mwenyewe ulizidi kumtisha. Kuna tukio ambapo Lady Macbeth anatembea usingizini akijaribu kunawa damu isiyokuwepo. Waigizaji waliomtangulia walishika mshumaa mkononi mwote. Siddons akasema, mtu ananawa vipi na mshumaa mkononi? Ataweka chini. Sheridan alikuja hadi chumba cha kuvalia kumsihi asifanye hivyo, watazamaji wamezoea ule mtindo wa zamani. Alikataa. Akaweka mshumaa chini, akanawa kwa mikono miwili, na watu walikubali. Hili huwa nawaambia vijana wetu wa jukwaani: usiige tu aliyekutangulia, uliza mtu wa kweli angefanya nini.

Aliendelea na jukwaa kwa miaka mingi. Aliigiza hata Hamlet, nafasi ya mwanamume. Mwaka 1808 ukumbi wa Covent Garden uliungua, na yeye alipoteza maleba na vito alivyokusanya maisha yote. Ulipofunguliwa tena 1809 na bei zikapandishwa, watazamaji walifanya fujo kila usiku kwa karibu miezi mitatu hadi wenye ukumbi wakasalimu amri. Tarehe 29 Juni 1812 aliaga kwa Lady Macbeth. Baada ya lile tukio la kunawa mikono, watu walipiga makofi bila kukoma, mchezo haukuendelea. Akatoka na nguo zake za kawaida, akawaaga. Alikufa tarehe 8 Juni 1831, akazikwa Paddington, London, na maelfu walihudhuria. Mwaka 1897 sanamu yake iliwekwa Paddington Green. Amekaa kitini, kwa mfano wa ile picha.

Picha yenyewe nayo ilitembea. Mmoja wa waliokuwa nayo mapema ni Mfaransa Charles-Alexandre de Calonne, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa nchi yake. Alikuwa amekimbilia Uingereza. Ndiyo, mkimbizi, ingawa mkimbizi mwenye fedha. Fedha zilipokwisha ikauzwa mwaka 1795, akainunua William Smith, mbunge aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Mwisho, mwaka 1921, tajiri wa reli Henry Huntington aliinunua ikavuka bahari hadi Kalifornia. Popote ilipokwenda, jina la Sarah Siddons lilikwenda nayo, kwa sababu lilikuwa limeunganishwa nayo tangu siku ya kwanza.

Hatuna Reynolds hapa, na rangi za mafuta ni ghali. Ila tuna simu, tuna daftari, tuna vijana wanaochora kwa makaa kwenye kuta za madarasa vizuri kuliko tunavyowasifu. Kikundi chetu kimekubaliana jambo dogo: kila mchezo tutakaoonyesha, tutapiga picha ya kila mwigizaji, na yeye ndiye atachagua kukaa vipi. Nyuma ya picha tutaandika jina lake lote, jina la mchezo, nafasi aliyoigiza na tarehe. Pembeni tutaandika pia yale ambayo picha haionyeshi: nani alishona maleba, nani alibeba mtoto wa nani wakati wa mazoezi. Aliyepiga picha ataandika jina lake chini kabisa, kwa herufi ndogo. Kama una picha za michezo ya zamani, za hapa kambini au zile ulizotoka nazo nyumbani, tuletee tuziandike majina wakati bado kuna mtu anayeyakumbuka.